Motisha, Hesabu na Ari: Uhakiki wa Istilahi za Mauzo

Kila taaluma iingiapo nchini huja na maneno yake, na kazi ya kuyapokea maneno hayo aghalabu huachiwa wale wenye haraka ya kuyatumia. Ndivyo ilivyotokea kwa taaluma ya mauzo. Benki, kampuni za bima, kampuni za simu na wasambazaji wa vipodozi wana wauzaji wengi wanaolipwa kwa kadiri ya walichouza, tangu wale wa ofisini hadi wale wanaosajili laini za simu chini ya miavuli kando ya barabara. Wauzaji hao wana mafunzo yao, semina zao na vitabu vyao, vingi vikiwa vimefasiriwa kutoka Kiingereza, na humo yamezagaa maneno ambayo hayajapitiwa na jicho la msanifishaji. Makala haya yanayapitia baadhi yake. Hatukusudii kuwashambulia wafasiri, ambao mara nyingi hulipwa kidogo na kuharakishwa sana. Tunadai jambo moja: kwamba baadhi ya istilahi hizo, na hasa neno motisha, zinafunika mambo ambayo muuzaji ana haki ya kuyaona waziwazi, na kwamba Kiswahili tayari kina maneno ya kuyafunua.

Yafaa kwanza tujue maneno haya yalizaliwa wapi, maana istilahi haifasiriki vema kabla ya kujulikana kazi iliyokuwa ikifanywa nayo. Mwaka 1884, huko Dayton katika jimbo la Ohio, Marekani, John H. Patterson alinunua kampuni ndogo iliyokuwa ikitengeneza mashine za kuandikia mauzo na kutunzia fedha dukani, akaiita National Cash Register. Wenye maduka wengi hawakuiona haja ya mashine hizo, na makarani wao walizichukia, kwa kuwa ziliwaweka chini ya macho ya tajiri hata alipokuwa hayupo. Ilibidi basi mashine iuzwe kwa maneno. Mwaka 1887 Joseph Crane, shemeji yake Patterson na muuzaji hodari, alieleza namna anavyouza, ikabainika kwamba humwambia kila mteja maneno yale yale kwa mpangilio ule ule. Maneno hayo yaliandikwa, yakapigwa chapa, na wauzaji wote wakatakiwa kuyahifadhi kwa ghibu kama wanafunzi wa chuoni. Kijitabu hicho kiliyagawa mauzo katika hatua nne: kumkabili mteja, kutoa pendekezo, kuionyesha mashine ikifanya kazi, na kumaliza. Mteja mwenyewe aliandikwa kwa herufi mbili tu za kifupisho, zenye maana ya mtu anayeelekea kununua.

Patterson hakuishia kuwafundisha wauzaji namna ya kuwavuta wateja. Aliwavuta wao kwanza. Kila muuzaji alipewa eneo lake asiloingiliwa na mwenziwe, na kila eneo likapangiwa kiasi cha mauzo. Aliyetimiza kiasi hicho aliingizwa katika klabu ya waliotimiza, akaalikwa katika mikutano ya shangwe, akasifiwa mbele ya wenzake. Thomas J. Watson, aliyeingia katika kampuni hiyo mwaka 1896, alifukuzwa na Patterson, na mwaka 1914 akazichukua mbinu hizo hadi kampuni nyingine ambayo tangu 1924 inaitwa IBM. Huko nako kulikuwa na klabu ya waliotimiza asilimia mia, na nyimbo za kampuni zilizokusanywa kitabuni na kuimbwa mikutanoni.

Tumesimulia hayo kwa sababu msamiati wa mauzo tunaoupokea haukuundwa kuieleza biashara kwa jumla. Uliundwa ili kuwasogeza watu fulani, yaani wauzaji, wafanye kazi kwa kasi ambayo huenda wasingekuwa nayo kama wasingesogezwa. Kila neno humo lina anayelisema na anayeambiwa. Mfasiri asiyelijua hilo huyachukua maneno kama vibandiko, akatafuta kibandiko cha Kiswahili chenye ukubwa ule ule, na kazi akaiona imekwisha.

Tuanze na kosa jepesi. Ile hatua ya nne, ya kumaliza, siku hizi inaitwa katika mafunzo mengi "kufunga mauzo" au "kufunga biashara". Kwa Mswahili, aliyefunga biashara ni mmoja wa watu wawili: aliyeteremsha mlango wa duka jioni akaenda kula, au aliyefilisika. Kumhimiza muuzaji kila asubuhi kwamba afunge biashara ni kumwombea balaa. Lugha ya sokoni ina maneno yake: watu humaliza biashara, hukubaliana bei, na palipokuwa na mvutano mrefu hukata maneno. Sisi twaona kukata maneno kunafaa kuliko vyote, kwa kuwa huonyesha pande mbili zikizungumza hadi zikafika kikomo, ilhali neno la Kiingereza humtaja anayefunga peke yake na kumwacha mteja kama mlango. Atakayesema kwamba kwa sababu hiyo tafsiri yetu si sawasawa na asili atakuwa amesema kweli, nasi hatuoni hasara yake.

"Mteja mtarajiwa" tunaliacha lipite. Ni jina zuri, na kauli yake ya kutendwa humfanya msikilizaji mwangalifu aulize ni nani amtarajiaye. Kuhusu zile karatasi zenye majina na namba za watu waliokwisha kuulizia bidhaa, ambazo mkuu wa mauzo huwagawia wauzaji, mfasiri mwenye haraka anaweza kuziita miongozo, kwa kufuata mzizi wa neno la Kiingereza. Lakini karatasi hizo haziongozi mtu. Zinadokeza tu kwamba pengine kuna mnunuzi mahali fulani. Madokezo yatosha.

Neno zito zaidi ni lile la kiasi cha mauzo alichopangiwa muuzaji. Limefasiriwa lengo, shabaha, kiwango na hata mgawo. Mgawo twauondoa mara moja: waliopanga foleni za sukari na sabuni mwanzoni mwa miaka ya 1980 wanajua kwamba mgawo ni kitu unachopokea, hata kama ni kidogo, ilhali hiki ni kitu unachotakiwa kukitoa. Kiwango ni neno la kupimia na halina kosa, ila halina mtu ndani yake. Lengo na shabaha ndiyo yaliyoenea, nayo ndiyo yanayotusumbua. Yote mawili ni maneno ya mwindaji. Mwenye kulenga ndiye aliyeshika upinde, na ndiye aliyemchagua mnyama. Katika chumba cha mauzo aliyechagua yuko ofisini, na muuzaji ni mshale. Anapoambiwa "timiza lengo lako", kile kiwakilishi kidogo cha umilikaji kinamkabidhi jambo ambalo hakulipanga, na akilikosa huonekana amejivunja mwenyewe.

Barabarani pana neno bora. Dereva wa daladala au wa bodaboda asiye na chombo chake humpelekea tajiri kila siku kiasi kilichowekwa, nacho huitwa hesabu. Dereva hupeleka hesabu, hukosa hesabu, hupandishiwa hesabu. Kila mtu kituoni anajua kwamba hesabu si ndoto ya dereva. Ni sharti la mwenye gari, na kinachobaki baada ya hesabu na mafuta ndicho chake. Hatusemi kwamba muuzaji wa bima na dereva wana mapatano ya namna moja, maana dereva hubaki na ziada yote ilhali muuzaji hupata sehemu yake tu. Lakini kuhusu swali la nani ameweka sharti, neno la dereva linasema ukweli na neno la semina halisemi. Itapingwa kwamba hesabu ni mali ya wahasibu. Ni kweli, na ndiyo sababu twapendekeza umbo kamili liwe "hesabu ya muuzaji", kwa umoja, lisichanganywe na "hesabu za mauzo", ambazo ni daftari. Lengo na libaki kwa kile muuzaji anachojipangia mwenyewe, kwa mfano kusomesha mtoto kwa mapato ya mwaka.

Sasa tuje kwenye motisha. Neno hili limo kamusini na katika nyaraka za serikali, na yapo mahali linapofanya kazi yake barabara. Mwalimu au mganga anayepelekwa kwenye mazingira magumu akiongezewa kitu juu ya mshahara wake ili akubali kwenda na kukaa, hiyo ni motisha bila ubishi: ni nyongeza, inatoka nje, na nia yake inajulikana. Asili ya neno ni ya Kizungu, nalo limevishwa mwisho unaofanana na kitenzi cha kusababisha, japo ni nomino. Wapo wanaotania kwamba ukilisikiliza sana utasikia kutisha ndani yake. Katika habari ya wauzaji utani huo si wa kudharauliwa.

Tutazame vitenzi vinavyofuatana nalo, kwa kuwa neno hujulikana kwa jamaa zake. Motisha hutolewa, huongezwa, hupunguzwa, huondolewa. Mtu hupewa motisha. Ari humwingia mtu, humpanda, humwisha. Mtu huwa na ari, na ingawa twasema pia kumtia mtu ari, aliyetiwa hubaki nayo hata mtiaji akiondoka. Kwa Kiswahili cha kawaida mtu mwenye motisha ni mtu aliyepewa kitu. Mfasiri basi akikutana na sentensi isemayo kwamba wauzaji bora husukumwa na hamu yao wenyewe, naye akaandika kwamba wana motisha kubwa, msomaji ataelewa kwamba wanalipwa vizuri. Sentensi imegeuka juu chini, na hakuna aliyegundua.

Waamerika wenyewe wamelibishania jambo hili kwa muda mrefu. Mwanasaikolojia Frederick Herzberg, katika makala yake ya mwaka 1968 kwenye jarida la Harvard Business Review, alisema kwamba ukimpiga mbwa teke atasogea, na ukitaka asogee tena itabidi umpige tena. Ukimwonyesha biskuti atasogea vile vile, na wengi huiona njia hiyo kuwa ya kistaarabu. Lakini kwa Herzberg teke na biskuti ni ndugu, kwa sababu katika hali zote mbili anayetaka mwendo ni bwana, si mbwa. Kinachomfanya mtu atake mwenyewe alikiona katika kazi yenyewe: kufanikisha jambo, kutambuliwa, kupewa dhamana. Hoja yake iliegemea uchunguzi alioutoa na wenzake mwaka 1959, uliohusu wahandisi na wahasibu wapatao 200 wa Pittsburgh, ambao hawakuwa wauzaji wa mlango kwa mlango, kwa hiyo anayeihamishia huko na aihamishe kwa tahadhari. Kwa mwanaistilahi, hata hivyo, jambo la kushangaza ni kwamba Herzberg alihitaji kurasa nyingi kulitenganisha neno moja la Kiingereza katika maana mbili, na sisi tuliokuwa na maneno mawili tayari, kichocheo kwa kile cha nje na ari kwa kile cha ndani, tumejitaabisha kuyaunganisha chini ya neno la kukopa.

Hasara ya kuunganisha huko haiishii katika uzuri wa lugha. Tuseme muuzaji ameahidiwa asilimia 2 ya kila anachouza, naye kwa mwezi ameuza bidhaa za shilingi 10,000,000. Stahili yake ni shilingi 200,000. Mkataba ukiziita kamisheni au ujira wa mauzo, fedha hizo ni deni, na anayezidai anadai haki. Mkataba ukiziita motisha, mlango umefunguliwa kwa mwajiri kusema kwamba motisha ni hisani, na mwezi huu kampuni haikujaliwa. Nchini Tanzania, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inayachukua malipo yote yanayotokana na ajira, ya fedha au ya vitu, yaliyolipwa au yanayodaiwa, kuwa ni ujira wa mfanyakazi, nayo inamzuia mwajiri kuukata ujira huo ila kwa sababu zilizotajwa. Huenda basi hakimu akalitazama jambo lenyewe asilijali jina lake. Lakini ni wauzaji wangapi wanaofika kwa hakimu? Wengi huishia mezani kwa mkuu wa mauzo, na hapo jina ndilo linaloamua kama mtu anadai au anaomba. Na tangu mwaka 2021, sheria ilipokifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama nchini humo, hata yule anayefika mbele ya hakimu atasomewa neno la Kiswahili alilotia sahihi. Wanaosanifisha istilahi hawawezi tena kusema kwamba maneno haya ni ya semina tu.

Mwambao una kipimo kizuri cha jambo hili, naye ni dalali. Tangu zamani dalali ameuza nyumba, mashamba na vyombo vya watu kwa ujira wa sehemu ya bei. Hakuna aliyewahi kusema kwamba dalali amepewa motisha. Amelipwa udalali wake, na asipolipwa mtaa mzima utajua. Kwa nini basi malipo ya namna ile ile yabadilike jina mara yanapotoka kwa kampuni kwenda kwa mwajiriwa? Hatupati sababu ya kilugha.

Kitu cha pili kinachojificha chini ya motisha ni tuzo. Kampuni ya vipodozi ya Mary Kay, iliyoanzishwa Dallas mwaka 1963, ilianza mwaka 1969 kuwatuza wauzaji wake wa juu kwa magari ya Cadillac ya rangi ya waridi, na gari hilo likawa alama inayojulikana Marekani nzima. Kiswahili kinalijua jambo hili vizuri. Katika taarabu msikilizaji aliyefurahishwa huinuka akamtuza mwimbaji mbele ya watu, naye mwimbaji hupokea huku akiimba. Lakini kutuzwa hakumwondolei mwimbaji malipo yake ya usiku ule, wala mwenye shughuli hawezi kuzihesabu noti za watazamaji kuwa sehemu ya mapatano yao. Tuzo ina mahali pake, na mahali hapo ni baada ya ujira.

Kitu cha tatu ndicho kinachompa haki yule mtani wetu. David Mamet, mwandishi wa tamthilia aliyewahi kufanya kazi katika ofisi ya wauza viwanja huko Chicago, aliiandika hali ya chumba cha mauzo katika Glengarry Glen Ross, iliyoonyeshwa kwanza London mwaka 1983 na kupata tuzo ya Pulitzer mwaka 1984. Humo pana shindano la mauzo ambalo mshindi wa kwanza hupewa gari la Cadillac, wa pili seti ya visu vya kulia nyama, na wa chini kabisa hufukuzwa kazi. Katika lugha ya chumba kile mambo yote matatu ni mpango mmoja wa kuwachochea wauzaji, na mfasiri wa kawaida ataandika motisha mara tatu. Mswahili asiyehudhuria semina angeita la kwanza tuzo, la pili kifuta machozi, la tatu tishio. Hapana haja ya kubuni chochote. Kinachotakiwa ni mfasiri aliyeielewa hadithi.

Yako maneno mengine ya jamii hii ambayo hayahitaji mjadala mrefu. Ushawishi ndilo jina lililokubalika kwa ufundi wa kumgeuza mtu nia, lakini waandishi wa vitabu vya mauzo wakumbuke kwamba kwa wahubiri vishawishi ni kazi ya shetani, na harufu hiyo haijatoka. Kipimo chetu cha asili kina ngazi nyingi: kunasihi, kusihi, kubembeleza, kurai, kuchagiza, kushinikiza, kurubuni, kulaghai. Mwandishi mwaminifu angechagua ngazi yake akasimama hapo. Kuhamasisha limezoeleka katika kampeni za chanjo na za kupiga kura, ambako anayehamasishwa ndiye anayefaidika. Likihamia chumba cha mauzo linabeba heshima ambayo si yake. Kushajiisha, yaani kumtia mtu ushujaa, ni zuri mno na limeachwa bila sababu. Muuzaji aliyefungiwa milango kumi asubuhi moja anahitaji kushajiishwa kuliko kitu kingine chochote, na meneja mwema hulifanya hilo bila kulipia.

Tunatarajia kupingwa kwamba motisha limekwisha kukubalika, na neno lililokubalika halirudishwi bandarini. Hatuombi lirudishwe. Tunaomba libanwe: litumike kwa nyongeza ya hiari iliyo juu ya malipo yaliyokubaliwa, na lisitumike kwa kamisheni, wala kwa tuzo ya shindano, wala kwa tishio, wala kwa ari. Orodha za istilahi za biashara zitakazotolewa zingeweza kuonyesha mipaka hiyo kwa sentensi moja ya mfano mbele ya kila neno. Sentensi ya mfano humsaidia mfasiri kuliko fasili ndefu.

Limebaki neno moja ambalo hatujalipatia jibu, nalo ni timu. Katika timu ya mpira mmoja akifunga bao wote wamefunga. Katika orodha ya mauzo inayobandikwa ukutani, au inayotumwa kila jioni katika kundi la WhatsApp, aliye juu amempita aliye chini, na daima pana mmoja anayeshika mkia. Kikosi ni cha jeshi. Kundi limelegea mno. Genge la wafanyakazi lilikuwa jina la heshima bandarini na mashambani, lakini siku hizi polisi wamelichukua. Wasomaji wenye pendekezo, hasa wale waliowahi kufanya kazi hiyo wenyewe, wanaombwa watuandikie kabla ya toleo lijalo.